Kutafuta jina Pilar kwenye tovuti ya takwimu ya Hispania (INE): nyota nne

Wale mnaosaka jina la Kihispania la mtoto wa kike, achaneni na zile saiti za majina zenye matangazo kibao, ingieni INE, ofisi ya takwimu ya Hispania, ni bure kabisa. Unaandika jina tu inakuletea wako wangapi, wastani wa umri, hadi mkoa gani wamejaa. Mi niliandika Pilar, na Zaragoza ndo kwao haswa, maana pale ndo kuna basilika ya Bikira Maria wa Nguzo, na sikukuu yake ni tarehe 12 Oktoba, mji mzima maua. Pilar ni nguzo, basi.

Ila ni jina la kina bibi, ukiangalia kwa miaka ya kuzaliwa wengi ni wa zamani, mabinti wa siku hizi ni kina Lucía na Martina. Kwa kifupi wanaitwa Pili, yani kama Pili wetu wa Tanga 😂

Nyota moja nimekata coz maana ya jina haipo, ni namba tu, na María Pilar inahesabiwa kivyake kwahiyo tafuta yote mawili.