Presha ya oili kwenye trekta la zamani: ufunge geji au ushushe sampu?

Taa ya oili ikianza kuwaka kwenye dizeli ya zamani mafundi wengi wanakimbilia kushusha sampu (bakuli la oili chini ya injini), mi nasema geji ya kupima presha kwanza. Unafungua swichi ya oili, ile inayowasha taa, kwenye bloku (mwili wa injini), unafunga geji hapohapo, unasoma injini ikiwa baridi, halafu unaiacha ipate moto kabisa unasoma tena ikinguruma polepole na ukipiga resi. Presha ikiwa sawa kote basi mbovu ni swichi au waya, umeokoa kazi ya siku nzima. Ikiwa nzuri baridi ikaporomoka ikipata moto, shuku beringi za krenki (shafti kuu ya injini) au pampu ya oili, ila chomoa kwanza stiki ya kupimia oili unuse, oili ikinuka dizeli na imepanda kupita alama ujue dizeli inavujia ndani inaifanya nyepesi.

Sampu inakuonyesha kwa macho, vichembe vinavyong'aa, chujio la pampu limeziba matope. Lakini matrekta mengi sampu yenyewe ndo inabeba injini, usiishushe bila kuegemeza vizuri.

Injini ikishaanza kugonga chini, izime hapohapo, achana na geji, shusha sampu.