Bulk Crap Uninstaller: jaribu hii kabla hujampelekea fundi laptopu apige Windows upya

Wakuu, kama diski C yako imeshakuwa nyekundu na kila saa Windows inakukumbusha nafasi imeisha, subiri kwanza kabla hujatoa hela ya fundi. Kuna programu inaitwa Bulk Crap Uninstaller, wengi wanaifupisha BCU, ni ya bure kabisa, haina matangazo wala zile za lipia kwanza ndo ufunguliwe sehemu fulani. Aliyeitengeneza ni jamaa anaitwa Marcin Szeniak na msimbo wake wote uko wazi GitHub, tovuti ambako watengeneza programu wanaweka kazi zao, kwa leseni huria ya Apache 2.0. Nimeitumia kwangu na kwa mashine za ndugu na naisifia kwa moyo mmoja, maana huku kwetu laptopu nyingi ni za mtumba, SSD ya 128GB ambayo Windows yenyewe inakuonyesha 119 tu, ukishatoa ya Windows kinachobaki ni kidogo mno kukiachia mataka.

Na mataka yapo kweli. Laptopu ya mtumba inakuja na programu za printa ambayo hujawahi kuiona, antivairasi ya majaribio iliyoisha muda, vitu vya kampuni iliyoitengeneza mashine, halafu na wewe unaongezea vyako, leo programu ya kukata video, kesho ya kubadili PDF, unatumia mara moja basi imekaa. Sasa ukienda kutoa kule Settings kwa njia ya kawaida, Windows inachofanya ni kuita kiondoaji kilichokuja na programu yenyewe, hapo kazi yake imeisha. Kama aliyetengeneza hakujali kusafisha nyuma yake, inabaki folda kwenye Program Files, nyingine ProgramData, nyingine imejificha ndani ya AppData ambayo mtu wa kawaida haioni mpaka awashe kuonyesha vitu vilivyofichwa, na vifunguo kibao kwenye rejista (registry, daftari ambalo Windows inaandika mipangilio yake na ya programu). Miaka mitatu minne ya hivyo, jamani, nafasi itatoka wapi?

BCU ukiifungua inakaa kidogo inatafuta, halafu inakuletea orodha yote, na hapa ndo nilipoipenda maana inaonyesha hata ambazo Settings haina habari nazo: programu ambazo kiondoaji chake kimeshapotea na za kubeba (portable) ambazo hazikuinstoliwa, na gemu za Steam na zile za Microsoft Store nazo zimo kwenye orodha hiyohiyo. Zenye saini iliyothibitishwa ya mtengenezaji zimepakwa kijani, kwa hiyo jicho lenyewe linakwenda kwenye zile zisizoeleweka. Unatiki nyingi kwa pamoja, unachagua ya kutoa kimyakimya, inaanza kuzitoa moja baada ya nyingine bila kukuuliza Next Next Finish kila dakika. Kwa mtu aliyerithi mashine yenye programu thelathini asizozijua hilo peke yake ni msaada mkubwa sana.

Ila utamu wenyewe unakuja baada ya kutoa. Inafungua dirisha la mabaki, kila mstari ni folda au kifunguo cha rejista, na pembeni imeandika ina uhakika kiasi gani kwamba hicho kitu ni taka. Nilipotoa programu moja ya zamani ya video iliniletea folda yake ya Roaming, iliyoko ndani ya AppData, imeandikwa Very Good, yaani futa bila wasiwasi, na chini yake folda yenye jina la kampuni ikiwa na alama ya chini, kwa sababu kampuni hiyohiyo bado nina programu yake nyingine naitumia na vitu vyake viko humo humo. Ungefuta kwa mkono kwa kuangalia jina tu ungeua programu nzima. Kwa hiyo nawaomba, zile za Very Good na Good ziacheni zikiwa na tiki, za Questionable kushuka chini ziacheni zilivyo kama hamjazifungua mkaona ndani kuna nini. Ikikuuliza kama itengeneze sehemu ya kurudia (restore point, ya kuirudisha Windows ilivyokuwa mambo yakiharibika) kabla haijaanza, kubali, na bakapu ya rejista kubali pia, hazikuli muda. Ila ili sehemu hiyo itengenezwe, kwanza kaangalie System Protection imewashwa kwa C, mashine nyingi imezimwa.

Kasoro zipo. Sura yake imejaa vitufe na kwa mgeni inatisha. Antivairasi nayo usiitolee humu, kampuni karibu zote za antivairasi zina kiondoaji chao maalumu, shusha hicho maana antivairasi inashika mizizi ndani sana. Na usitoe kitu chochote kilichoandikwa Visual C++ Redistributable eti kwa sababu kiko kingi na miaka inafanana, programu zako nyingine zinakitegemea.

Kuna watu wataniuliza kwa nini nisiseme CCleaner, ile programu ya kusafisha kompyuta ambayo kila fundi anayo kwenye flashi. Mwaka 2017 toleo lake la 5.33 lilitoka likiwa limepandikizwa virusi na likashushwa kwenye kompyuta zaidi ya milioni 2, na pamoja na kwamba ilirekebishwa mimi hamu iliisha. Halafu kile kitufe cha kusafisha rejista ambacho watu wanakipenda hakikupi nafasi ya maana, Microsoft wenyewe wanasema hawaungi mkono programu za kusafisha rejista. BCU inagusa rejista kwa kile ulichokitoa tu.

Kitu kimoja BCU haitakusaidia ni mafaili yako mwenyewe, zile muvi na zipu zilizolala Downloads. Hapo shusha WizTree, bure kwa matumizi ya nyumbani, inasoma moja kwa moja lile jedwali la mafaili la NTFS, mfumo ambao Windows inapangia mafaili kwenye diski, kwa hiyo diski nzima inamaliza kwa sekunde, inakuchorea miraba, mkubwa ndo mlafi. Ukiona hiberfil.sys imekaa na gigabaiti kadhaa na huwa hutumii hibernate, yaani kuzima mashine huku kazi ulizofungua zikihifadhiwa kwenye diski, fungua Command Prompt kama msimamizi andika powercfg /h off, inaondoka hapohapo. Ukiona Windows.old, folda ya Windows ya zamani, pitia Disk Cleanup, usiifute kwa mkono.

Kwangu mimi BCU ni 9 kwa 10, hiyo moja nimeikata kwa sababu ya sura. Shusheni kutoka GitHub ya mwenyewe, chukueni ile ya kubeba muiweke kwenye flashi, hata ya mzee nyumbani mtaisafisha nayo bila kuinstoli kitu kingine juu ya mashine iliyokwisha jaa.