Ayub Ogada na En Mana Kuoyo: nyatiti inayomkaribisha kila mtu

Albamu ya En Mana Kuoyo ilitoka mwaka 1993 chini ya lebo ya Real World ya Uingereza, na mpaka leo sijapata nyingine ya kuipiga saluni watu wakiwa wamechoka. Nina kibanda cha kunyolea hapa Kirumba, Mwanza, karibu na soko la samaki la Mwaloni. Wateja wangu ni wavuvi, wabeba mizigo, wachuuzi wa dagaa na makondakta wa daladala. Asubuhi wanataka bongofleva, jioni singeli. Lakini ikifika saa tisa alasiri, jua kali na soko limepoa, namweka Ayub Ogada, na hakuna anayeniambia nibadilishe.

Kwa asiyemfahamu: ni Mjaluo aliyezaliwa Mombasa mwaka 1956, jina lake la kwanza Job Seda. Mwaka 1979 alikuwa miongoni mwa walioanzisha bendi ya African Heritage pale Nairobi. Mwaka 1986 akaenda London, akawa anapiga nyatiti, ala ya nyuzi ya Wajaluo, kwenye stesheni za treni za chini ya ardhi, watu wakipita na mabegi yao, hadi waandaaji wa tamasha la WOMAD walipomsikia. Alifariki Kenya mwaka 2019.

Nionavyo mimi, utamu wa albamu hii ulipikwa pale stesheni. Nyatiti ya matangani, iwe huku Rorya au ng'ambo ya mpaka, inawategemea watu waliokaa pale. Mpigaji ameketi kwenye kigoda kifupi, nyuzi nane mbele yake, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu ikigonga mti wa ala, njuga zikilia. Anakutaja wewe, anamtaja baba yako, anawataja hata wakwe zako. Ukiguswa, unasimamisha muziki, unajisifu mbele za watu, unatoa pesa, kisha nyuzi zinaendelea. Ndiyo pakruok hiyo, na bila hiyo shughuli haijanoga. Sasa mtu aliye London, mbele ya wapita njia wasiojua Kijaluo hata kidogo, amtaje nani? Ogada akapunguza mwendo. Sauti akaishusha hadi ikakaribia maongezi, na kila baada ya mstari akaacha nafasi nyuzi zijibu. Pakruok hutaisikia humu, ila ile nafasi ya msikilizaji haikuzibwa, na kila mtu anaingia na lake.

Haya nayaona kazini. Siku moja mama mmoja anayeanika dagaa kule Kayenze alimleta mwanawe kunyolewa, na "Kothbiro", wimbo wa humu kwenye albamu, ikawa inapiga. Mashine ya kunyolea ina kelele zake, lakini zile nyuzi nene za nyatiti hupita chini yake na kusikika vizuri tu. Akauliza, "Kaka, huyu analia nini?" Nikamweleza kama wateja wangu wa Shirati walivyonieleza: mvua inakuja, ng'ombe warudishwe nyumbani. Akanyamaza kidogo. "Basi huyu ni mtu wa ziwani. Sisi wingu likifunga upande wa Ukerewe ni mbio, mimi na watoto, kuanua dagaa. Ukichelewa mtaji umekwenda." Akaomba niurudie. Mara ya pili alikuwa anaufuatisha kwa kuguna, macho barabarani, na mimi nikazima mashine kwanza ili ausikie wote. Dada huyu ni Msukuma, Kijaluo hana. Nani mwingine anaweza kumfanyia hivyo kwa ala moja na sauti ya chini?

Wimbo huohuo una maisha marefu. Ogada alikuwa ameshaurekodi miaka ya 1970 akiwa na kundi la Black Savage, kwa mtindo wa bendi. Ule wa nyatiti ukaingia kwenye filamu ya The Constant Gardener mwaka 2005, na mwaka 2018 Kanye West akachukua kipande cha ule wa Black Savage akakitumia kwenye wimbo wake "Yikes". Vijana wanaokuja kukata panki huwa nawapigia yote mitatu kwa zamu. Ule wa Kanye wanaujua, wanarusha mikono. Ule wa bendi wanausifia. Ule wa nyatiti hawasemi kitu, wanaacha hata simu, na kwangu mimi huo ndio unaoongoza.

Lawama ninayo, na aliyeniwekea maneno mdomoni ni mzee mmoja wa Shirati, mteja wangu wa kila mwisho wa mwezi. Alisikiliza albamu karibu yote, kichwa kikiwa kimenyolewa zamani, kisha akasema: "Kijana, mikono ya huyu ni mizuri. Mguu uko wapi?" Alikuwa anaitafuta ile pete. Anasema ukweli: kwenye rekodi hii kila kitu kimesafishwa na kupangwa vizuri mno, na lile joto la matanga, vumbi, mtu kukatiza wimbo ajisifu, hulipati. Aliyekulia kwenye nyatiti ya kijijini ataona pengo. Mimi nasikitika kidogo, kwa sababu najiuliza ingekuwaje kama "Obiero" ingerekodiwa uani kwa watu, nusu yao wakiwa wamesimama.

Hata hivyo itafute, nyimbo zake zinapatikana YouTube. Usiisikilize kwa spika ya simu pekee, maana nyuzi za chini zinapotea na ndizo zinazobeba kila kitu. Hata kispika kidogo cha blututi kinatosha. Anza na "Obiero", halafu "Kothbiro". "Thum Nyatiti" iache hadi masikio yazoee, kisha iweke mkiwa wawili watatu, bila televisheni.