Sahani za Fiesta kwa chakula cha kila siku: uzoefu wangu

Naishi Ohio, na sahani tunazopakulia ugali, wali na maharage nyumbani ni za Fiesta, chapa ya vyombo vya kauri vinavyotengenezwa Newell, West Virginia, ng'ambo tu ya Mto Ohio. Si za bei ya chini, lakini nazipenda kwa dhati.

Zetu hatukununua kwa seti. Kila moja ina rangi yake, na bado zikipangwa mezani hakuna inayoonekana ngeni. Siri ni umbo. Frederick Hurten Rhead, mbunifu mzaliwa wa Uingereza, hakuzitia maua wala mistari ya dhahabu. Alizizungushia miviringo midogo tu, mmoja ndani ya mwingine. Zilipotoka mwaka 1936 zilikuwa na rangi tano: nyekundu inayoelekea chungwa, buluu iliyokoza, kijani, njano na rangi ya pembe ya ndovu. Mnunuzi akaachiwa achanganye apendavyo. Hebu pakua sukuma wiki kwenye njano, au samaki wa kupaka kwenye buluu, uone chakula kinavyopendeza! Na ikivunjika moja, unanunua moja.

Wengine wamesikia kwamba sahani hizi zilikuwa na urani, madini yenye mionzi, wakaogopa. Nyekundu ya zamani kweli ilitiwa oksidi ya urani. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili serikali ya Marekani iliizuia urani kwa ajili ya jeshi, nyekundu ikakoma. Ikarudi 1959, ikaachwa tena 1972. Ukizikuta hizo sokoni kwenye vitu vya kale, ziweke kabatini za kutazama, usizitumie kwa chakula, hasa chenye ndimu au nyanya. Zangu ni za toleo lililoanza 1986, lisilo na urani wala madini ya risasi.

Zinaingia kwenye maikrowevu, oveni na mashine ya kuoshea vyombo. Mchuzi wa bizari hauachi doa, wakati melamini hugeuka manjano. Ni nzito, na uzito huo naupenda: mtoto akimega ugali, sahani haisogei.

Ukiweza, fika duka la kiwandani pale Newell. Wanauza za daraja la pili zenye kasoro ndogo kwa bei nafuu. Pitisha kidole ukingoni kabla ya kulipa. Rangi mpya hutoka kila mwaka na nyingine huondolewa, kwa hiyo ukiipenda moja, ichukue usingoje.