Mombasa kwenda London: upitie Nairobi ama Addis Ababa?

Watu huangalia kilomita kwanza, lakini hapo hakuna tofauti ya maana. Kupitia Nairobi ni kama 7,250, kupitia Addis kama 7,350, basi hiyo mia ndege inaimaliza kwa dakika chache tu.

Muda unaliwa pale unaposubiri. Nairobi wafika kwa saa moja hivi, alafu London karibu saa tisa hewani, lakini ile ya kwanza ni ndege ya ndani kwa hivyo uhamiaji unapigiwa mhuri JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, na kama tikiti mbili umezinunua mbalimbali utachukua begi uchekini upya, na ya kwanza ikichelewa ya pili haikungoji. Addis unagongewa mhuri hapa hapa Moi, uwanja wa Mombasa, begi laenda moja kwa moja, saa mbili na kitu uko Bole, uwanja wa Addis, kisha kama saa nane London.

Mwenye wazee ama watoto mimi namwambia Addis, bora kungoja kusiwe kurefu. Nairobi nachagua nikitaka kupanda SGR, ile treni ya Mombasa-Nairobi, manake stesheni yake ya Syokimau na JKIA ni jirani.