Toontown Rewritten kwenye intaneti ya Kisumu: uzoefu wangu

Kwa mtoto wa Kisumu, Toontown iliyofufuliwa, gemu ya mtandaoni ambamo wachezaji ni wanyama wa katuni wanaopigana na maroboti, ni bora kuliko ile ya awali, na sababu ya kwanza ni pesa. Toontown Online ya Disney ilifunguliwa Marekani Juni 2003. Asiyelipa aliachiwa sehemu chache tu za kuchezea. Uanachama kamili ulikuwa dola 9.95 kwa mwezi, na mzazi wa hapa asiye na kadi ya benki hakuwa na njia rahisi. Agosti 2013 Disney ikatangaza kuifunga, na tarehe 19 Septemba seva zikazimwa. Mashabiki wakaijenga upya kwa jina la Toontown Rewritten. Ni bure yote, wala haina matangazo ya biashara.

Iliwezekana kwa sababu gemu ilisimama juu ya Panda3D, injini ambayo Disney yenyewe iliifungulia umma mwaka 2002, na programu yake iliandikwa kwa Python. Upande wa mchezaji ulikuwa tayari kwenye kompyuta za watu. Upande wa seva ndio ulioandikwa upya. Wahusika wa zamani waliishia kwenye mitambo ya Disney, kwa hiyo kila mtu huanza tena na Laff 15, yaani uhai wake.

Unahitaji kompyuta, kwenye simu haichezeki. Fungua akaunti kwenye tovuti yao, pakua kizinduzi (programu ndogo ya kufungulia gemu), kisha kiache kivute mafaili yaliyobaki. Fanya hivyo kwenye waifai, si kwa bando la simu, maana ni mamia ya megabaiti. Laptopu ya mtumba inatosha. Dirisha likikataa kufunguka, mara nyingi kosa ni draiva ya michoro iliyozeeka, kwa hiyo isasishe kwanza kabla ya kufuta chochote. Kwenye saiba kuna shida nyingine: kompyuta nyingi hujirudisha zilivyokuwa zikizimwa, na programu uliyoweka jana leo haipo. Ongea na mwenye saiba aiweke moja kwa moja kwenye mashine moja.

Intaneti yetu inaimudu gemu hii kuliko nyingi za siku hizi. Vita vya kawaida ni vya zamu: unachagua silaha, wenzako wanachagua, kisha unatazama. Mtandao ukisuasua kidogo hupotezi kitu. Mambo hubadilika kwa wakubwa wa Cogs, wale maroboti wa ofisini. Kumfikia V.P., mkubwa wa kundi la Cogs liitwalo Sellbot, unakusanya kwanza vipande 10 vya vazi la Sellbot, halafu mnapanda lifti mkiwa hadi 8. Raundi ya mwisho ni ya kurusha mikate ya krimu papo kwa papo, kumpumbaza kisha kumsukuma nyuma hadi aanguke kutoka juu ya jengo. Kwa C.F.O., mkubwa wa kundi la Cashbot, mnaendesha kreni. Hapo kuchelewa kwa sekunde moja kunakukosesha shabaha, na intaneti ikikatika wenzako wanamaliza bila wewe, zawadi huipati. Jioni yenye ngurumo kutoka ziwani, wakati stima inapepesa, mimi sishauri mtu apande lifti ya V.P. Betri ya laptopu haisaidii kama ruta imezimika.

Kinachowaangusha wageni wengi ni mpangilio wa silaha. Haidhuru nani amechagua kwanza, zinatoka hivi: Toon-Up (kuponya wenzako), Trap (mtego), Lure (kumvuta Cog), Sound (kelele), Throw (kurusha), Squirt (kumwagia maji), Drop (kumwangushia kitu). Ndiyo maana mtego hutegwa kabla ya kumvuta Cog. Ukimpiga aliyevutwa kwa Throw au Squirt unapata nyongeza ya asilimia 50. Sound humwamsha, na Drop haimpati kabisa. Wawili wakimrushia Cog mmoja silaha za aina moja, jumla ya madhara huongezeka kwa asilimia 20. Hesabu ya uhai wa Cog ni rahisi: kiwango jumlisha 1, zidisha kwa kiwango jumlisha 2. Wa kiwango cha 1 ana 6, wa kiwango cha 5 ana 42. Wa kiwango cha 12 anaivunja kanuni, ana 200. Mtoto wa darasa la nne anaihesabu kichwani, nami naona hili ndilo jambo zuri kuliko yote kwenye gemu hii. Kumbuka pia kwamba utapata aina 6 tu za silaha kati ya 7. Mapema unaulizwa uchague Sound au Toon-Up; chagua Sound ikiwa mara nyingi utakuwa peke yako.

Utakuwa peke yako zaidi ya unavyodhani. Saa za Toontown ni za Pasifiki, nyuma yetu kwa saa 10 au 11 kulingana na msimu, na Wamarekani wengi hujaa wakati sisi tunaukaribia alfajiri. Kundi la V.P. hupatikana kwa urahisi zaidi Jumamosi na Jumapili usiku wetu.

Kuhusu usalama, mazungumzo hupitia kichujio cha maneno yaliyokubaliwa, na jina ulilolibuni mwenyewe husubiri kuidhinishwa. Mlango ulio wazi ni True Friends: ukimpa mtu msimbo wako, mnaandikiana kwa uhuru zaidi. Mzazi, mwelekeze mtoto ampe msimbo huo mwenzake wa darasani tu, na nenosiri asimpe yeyote, hata anayemwahidi jellybeans, pesa za ndani ya gemu. Jellybeans hazinunuliwi wala hazihitaji mfadhili. Mtoto atazipata mwenyewe kwa kuvua samaki na kupanda troli inayompeleka kwenye michezo midogo.