Kopo Lipi la Tumbaku ya Kiko ya Kiingereza Uagize Kwanza? Tano Zilizopangwa kutoka Tabora

Mkoa wetu unatoa tumbaku kwa marobota, lakini zunguka mjini kuanzia sokoni hadi stesheni ukitafuta kopo moja la tumbaku ya kiko, utarudi mikono mitupu. Sigara zipo, ugoro upo, tumbaku ya kusokota ipo. Kopo la gramu 50 la mchanganyiko wa Kiingereza huku linaletwa na shemeji aliyetoka safari, au mgeni mwenye roho nzuri. Ndiyo maana swali la "nimwagize lipi?" lina uzito: likishafika limefika, hakuna kurudisha wala kubadilisha.

Nianze na la wazi. Kiko si salama. Kinaleta saratani ya mdomo, ya koo na ya mapafu, hata kwa yule anayejisifu kwamba moshi haumezi. Asiyevuta asianze kwa sababu yangu, na anayevuta akumbuke kwamba tangu sheria ya mwaka 2003 kuvuta hadharani kuna mipaka yake. Haya ni kwa wale ambao kiko tayari kipo mezani.

"Kiingereza" katika tumbaku ni mtindo wa kuchanganya. Msingi ni aina ya tumbaku iitwayo Virginia. Juu yake inawekwa tumbaku ya Mashariki, vile vijani vidogo vya Uturuki, Ugiriki na Makedonia vinavyokaushwa juani, ambavyo vina ukali kidogo wa viungo na uchachu kwa mbali. Halafu inakuja Latakia, jani jeusi la moshi. Hakuna cheri, hakuna vanila. Kwa miaka mingi sheria za Uingereza zilibana kutia manukato kwenye tumbaku, kwa hiyo mchanganyaji alilazimika kuitafuta harufu ndani ya majani yenyewe.

Virginia mtu wa Tabora hahitaji kuonyeshwa. Ndiyo tumbaku ya mvuke inayolimwa Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui. Kwenye bani, kile kibanda cha kukaushia tumbaku, moto unawaka nje, joto linapita ndani ya mabomba, na moshi wa kuni haugusi jani hata kidogo. Joto hilo likisimamiwa vizuri sukari inabaki ndani ya jani, na rangi inatulia kwenye limau au chungwa. Latakia ni kinyume chake kabisa. Jani linakaushwa juani kwanza, kisha linaning'inizwa juu ya moshi wa miti na vichaka vyenye harufu mpaka liwe jeusi. Jina limetoka bandari ya Latakia, Syria, ila inayouzwa leo karibu yote inatoka Cyprus. Ya Syria ilififia, na moja ya sababu ni kuzuia misitu isimalizwe kwa ajili ya huo moshi. Sisi ambao miombo yetu inaingia mabanini msimu hadi msimu tunaelewa hesabu hiyo bila kufundishwa.

Ukifungua kopo la namna hii, Latakia ndiyo itakayokupokea mlangoni. Inanukia kama migebuka ya Kigoma iliyobanikwa ikashushwa kwenye treni asubuhi. Wageni wengi wa kiko wanaishia hapo: wakiipenda harufu hiyo wanasema tumbaku nzuri, wakiichukia wanasema mbaya. Mimi naona hicho si kipimo. Moshi kila kopo la aina hii linao. Kinachotofautisha kopo moja na jingine ni Virginia iliyolala chini, kama ina utamu wake au imewekwa kujaza nafasi. Na hapo sisi wa huku tuna faida. Yeyote aliyewahi kukaa karibu na wateuzi wa tumbaku, wale wanaopanga majani kwa madaraja, siku ya soko, akaona jani likigeuzwa, likinyooshwa, likikunjwa kiganjani na kunuswa, anajua jani bora linavyojieleza. Kabla kopo lako halijafika, pitia ghala la chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima, siku ya soko, uombe kunusa jani la chungwa la katikati ya mche. Harufu ile ya majani makavu yaliyochomwa na jua, yenye tamu-tamu ya matunda yaliyokauka, ndiyo utakayoitafuta chini ya moshi.

Kopo likishafunguliwa usikimbilie kiberiti. Mimina kiasi kwenye karatasi nyeupe utenganishe kwa rangi: ya njano na chungwa ni Virginia, kahawia huwa ni ya Mashariki au Virginia iliyokomaa, nyeusi ni Latakia, mara nyingine Cavendish nyeusi, yaani tumbaku iliyolainishwa kwa joto na kushindiliwa. Nusa, acha wazi kama robo saa, nusa tena. Ule moshi wa mwanzo utakuwa umepungua makali, na sasa utamu uanze kusikika. Ukikuta moshi mtupu mara zote mbili, umelipia Latakia peke yake.

Unyevu unawasumbua watu kuliko ladha. Chota kwa vidole vitatu, bana, achia. Ikibaki donge, ina maji mengi. Ikivunjika na kutoa vumbi, imekauka kupita kiasi. Ikifunguka polepole, hapo hapo. Tabora ya kiangazi, Julai mpaka Oktoba, hewa inakausha kila kitu, na tumbaku iliyofika mbichi inakuwa tayari ukiitandaza kwa muda mfupi tu. Masika tatizo linageuka, na ukungu unaingia. Kuna watu wanatupa kopo zima wakiona weupe juu ya majani. Kwanza chukua tochi. Fuwele zinametameta, ziko bapa juu ya jani na hazina harufu. Ukungu una manyoya, unatambaa kati ya majani na unanuka uvundo. Huo tupa, usijaribu kuuanika.

Kiko cha kuonjea kisiwe na historia. Latakia inaganda kwenye kuta za kiko, na ukiweka tumbaku nyingine humo utaisikia wiki nzima. Tenga kimoja. Kiko cha udongo kinasema ukweli mtupu, ila kinaunguza vidole. Cha gunzi la mahindi ni rahisi na hakiongezi maneno mengi. Kampuni ya Missouri Meerschaum ya Marekani inavitengeneza tangu 1869. Shindilia kwa wepesi chini, kwa uzito kidogo juu, washa mara mbili, mara ya kwanza ikiwa ya kuchoma uso tu. Kisha vuta taratibu mpaka uone karibu inazima. Ulimi ukiwashwa, ama una haraka ama tumbaku ina maji, na mara nyingi ni vyote viwili. Theluthi ya kwanza ni ya moshi na viungo. Ya pili ndiyo ya hukumu, maana utamu wa Virginia ukishindwa kutokea hapo hautatokea tena. Ya mwisho inaonyesha nguvu. Uwe umekula, na kando uwe na maji au chai isiyo na tangawizi. Tangawizi inafunga ulimi, na tumbaku za Mashariki ndizo zinazoumia.

Sasa mpangilio wangu.

1. Early Morning Pipe. Zamani ilikuwa ya Dunhill, kampuni ya London. Jina hilo lilipoondolewa kwenye tumbaku ya kiko mwaka 2018, michanganyiko kadhaa iliendelea chini ya jina la Peterson, na hii ni mojawapo. Ni Virginia, Mashariki na Latakia, lakini Latakia imewekwa kwa adabu. Naiweka ya kwanza kwa sababu hiyo: unasikia kila jani likisema lake. Mtu aliyezoea harufu ya bani ataitambua Virginia yake mapema, na tumbaku ya Mashariki, ambayo kwenye makopo mengine inazama, hapa inakaa juu kabisa na ule uchachu wake wa kupendeza. Inakwenda na chai ya asubuhi kama jina linavyosema. Wapenda moshi watasema imepoa. Waseme. Kopo la kwanza ni la kujifunza kusikia, na kwenye kelele hujifunzi kitu. Ubaya wake halisi ni kwamba imekatwa nyembamba na inawaka haraka, hivyo mwenye pupa ataumaliza ulimi.

2. Squadron Leader. Hii inatoka kwa Samuel Gawith wa Kendal, kaskazini mwa Uingereza, nyumba iliyoanza mwaka 1792. Kwa ladha peke yake ningeiweka juu. Virginia ina uzito, Latakia ipo katikati, na za Mashariki zinapita kama upepo wa jioni. Theluthi ya pili ya kiko cha Squadron Leader ndiyo mfano ninaoutoa mtu akiniuliza mizani ni nini. Imeshuka nafasi moja kwa mambo mawili. Mara nyingi inafika na maji mengi, na mgeni wa kiko hana subira ya kuikausha. Pili, kuipata kuna bahati nasibu. Ndugu yako anaweza kuzunguka maduka ya mji mzima akakuletea kitu kingine akidhani zinafanana. Mwandikie jina kwenye karatasi.

3. My Mixture 965. Alfred Dunhill alifungua duka lake Duke Street, London, mwaka 1907, na wateja walikuwa wanachanganyiwa tumbaku kwa matakwa yao, kila mchanganyiko ukaandikwa kitabuni kwa namba. Ndiko namba hii ilikotoka. Leo nayo ni ya Peterson. Pamoja na majani yale matatu ina Cavendish ya kahawia, inayolainisha na kutia mwili. Ni kopo la kustarehe, halina ugomvi na mtu. Kwangu ulaini huo ndio unaoipunguzia alama: Cavendish inatandaza blanketi juu ya Virginia, na mimi Virginia ndiyo ninayoitafuta. Ukiwa unanunua kwa ajili ya mzee anayetaka kiko cha jioni kisichomsumbua, ipandishe mpaka ya kwanza.

4. Nightcap. Peterson tena. Ndani kuna perique, tumbaku ya Louisiana, Marekani, ya wilaya ya St. James, inayokandamizwa kwenye mapipa na kuchachushwa mpaka inakuwa nyeusi yenye ukali wa pilipili manga na uchachu wa matunda. Nzuri, tena nzuri sana, ila ina nikotini ya kukulaza kweli. Baada ya ugali wa usiku, sawa. Ukiwa na njaa utatokwa jasho jembamba na chumba kitazunguka. Ikitokea, weka kiko chini, kunywa kitu chenye sukari, tulia. Kopo la pili au la tatu, si la kwanza.

5. Pirate Kake. Ya kampuni ya Cornell & Diehl, Marekani. Ni kipande kilichoshindiliwa, unakimega kwa vidole, na Latakia imejaa humo kupita majani mengine yote. Sina ubaya nayo, ila ukiinunua ya kwanza utadhani tumbaku ya Kiingereza ni moshi tu. Ukiivutia sebuleni mapazia yatakaa na harufu mpaka Jumapili, na mama watoto atakupeleka chini ya mwembe, ambao kwa bahati Tabora haukosekani.

Utakutana pia na makopo ya zamani yenye jina la Dunhill yakiuzwa kwa bei ya kutisha. Virginia ikikaa miaka inapata utamu na kutulia, lakini Latakia inapungua makali kadiri inavyokaa, kwa hiyo kopo kuukuu la mtindo huu si lazima liwe bora, limekuwa kitu kingine tu. Bei ya jina sitailipa. Angalia kama kopo limevimba au lina kutu kwenye ukingo. Likiwa limetoboka, hewa imeingia na kilichobaki ni vumbi lenye harufu ya masizi.

Na lile swali la vijana wa vijijini, kwamba bani lipo nyumbani, kwa nini ninunue? Jani lililotoka bani juzi linauma. Viwanda vinaliweka lipumzike muda mrefu kabla ya kulichanganya, na huo muda hakuna anayeuona kwenye lebo. Kuna jambo jingine zito kuliko ladha: tumbaku ya mkataba imeshahesabiwa na chama cha msingi na mnunuzi kabla haijafungwa robota, na kuchomoa ya pembeni ni kumtafutia mkulima matatizo na pembejeo zake za msimu ujao. Nusa, shika, rudisha.

Kopo likishafunguliwa, hamishia kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko wa mpira unaobana, uweke kabatini mbali na jua, na uandike jina na mwezi juu yake. Usijaze mpaka shingoni kama utakuwa unaifungua kila siku. Gawa kwenye chupa mbili, moja ya kutumia, moja ya akiba. Chupa iliyokuwa na achari usiitumie hata ukiiosha kwa maji ya moto. Harufu imeshakaa kwenye mpira wa mfuniko.